Tulipopigishwa Kwata kwa Ajili ya Kipindupindu

Siku ya kwanza kazini niliulizwa kama najua kulia na kushoto. Aliyeniuliza alikuwa kapteni mstaafu wa jeshi, mganga wa askari, mwenye mvi fupi na sauti isiyohitaji kipaza. Tulikuwa tumesimama kwenye uwanja wa ghala moja karibu na bandari ya Kigoma, wanawake wa khanga na wanaume wa kandambili, kila mmoja ametolewa kwenye kazi yake ndogo. Walikuwapo wafagizi wa hospitali, wakunga wa vijijini na wapulizaji wa dawa ya mbu. Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati kule Ujiji. Elimu yangu darasa la saba, kazi yangu kuchemsha vyombo na kufunga vidonda.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Vita vilikuwa vinawaka ng'ambo, na watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa maboti yaliyojaa hadi maji yakagusa mdomo wa boti. Kipindupindu nacho kikaja. Sitasema kililetwa na wakimbizi, kwa sababu sijui. Ugonjwa huo hupenda mahali penye watu wengi na vyoo vichache, na kwetu palikuwapo pa namna hiyo tangu zamani. Ninachojua ni kwamba hospitali ilijaa mpaka wagonjwa wakalazwa barazani. Ofisi ya afya ikamfuata Kapteni, aliyekuwa analima michikichi yake nje ya mji, ikamwomba aje atupange. Akakubali kwa sharti kwamba tutapangwa kama jeshi.

"Mama wa khanga ya kijani, anza na mguu wa kushoto!"

"Afande, huu ndio wa kushoto," nikasema.

"Wa kushoto kwa nani?"

Nyuma yangu alikuwapo Sadiki, mpulizaji wa dawa, mtu asiyeweza kukaa na mzaha mdomoni bila kuutema. "Afande, msamehe. Huyo wa Ujiji. Kwao wanaanza kuhesabu kutoka ziwani."

Watu wakacheka. Kapteni hakucheka, ila hakukasirika. Alinisogelea akaniuliza, "Unakula ugali kwa mkono gani?" Nikauinua. "Vizuri. Sasa anza na mguu ulio upande mwingine." Kuanzia siku hiyo kikosi kizima kilitembea kwa hesabu ya ugali, na Sadiki ndiye aliyekuwa akiimba: "Siyo-ugali, ugali! Siyo-ugali, ugali!" Mabaharia wa bandarini walikuja kututazama kama watu wanaotazama ngoma.

Vijana wa afya wa siku hizi wakisikia habari hii huuliza kwata inamsaidia nini mgonjwa. Sisi pia tulijiuliza. Kapteni alitupa jibu lake siku tulipoanza kuwahudumia wagonjwa, baada ya kutuacha kwanza tufanye kazi kwa mazoea yetu. Bibi mmoja alipiga kelele za tumbo, na karibu wote tukamkimbilia. Tulipogeuka, mwanamume aliyekuwa amelala kimya kwenye kona alikuwa amekwisha kufa.

"Anayelia ana nguvu za kulia," Kapteni akasema. "Nani alikuwa wa yule aliyenyamaza?"

Hapakuwa na mtu wa yule.

"Hiyo ndiyo kwata. Kila mtu ajue pake, na asiondoke pake kwa sababu ya kelele."

Basi tukagawanywa. Kundi dogo liliitwa seksheni, na kiongozi wake koplo, hata kama alikuwa mkunga asiyewahi kugusa bunduki. Seksheni ya maji ilichemsha maji na kuchanganya chumvi na sukari za kuwanywesha wagonjwa. Seksheni ya dawa, ambayo ndiyo ya akina Sadiki, ilibeba pampu mgongoni na kupuliza klorini kwenye vyoo, vitandani na kwenye nyayo za watu. Seksheni ya mazishi ilichimba na kuzika. Mimi niliwekwa seksheni ya vitanda. Kitanda cha kipindupindu ni cha turubai, kimetobolewa tundu katikati, na chini yake huwekwa ndoo. Kazi yetu ilikuwa kuangalia kilichoingia ndooni, kisha kukirudisha kwa mgonjwa kwa kikombe, na akishindwa kunywa, kwa dripu kwenye mshipa. Tulifunzwa kubana ngozi ya tumbo na kuiachia. Ngozi ya mtu mwenye maji hurudi upesi. Ya mtu aliyekauka hubaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

Juu ya makoplo alikuwapo Sista Mkuu, muuguzi wa miaka mingi kutoka hospitalini, ambaye hakuupenda mpango ule na alimwambia Kapteni hivyo mbele yetu. "Mimi ni muuguzi, si sajenti." Kapteni akamjibu, "Niite unavyotaka, Sista, nami nitakuita unavyotaka. Lakini zamu zako nizione ukutani." Zamu zilionekana ukutani. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilijua saa ya kula na saa ya kulala, nikajua pia nani atanipokea. Neno hilo la kupokea lilikuwa amri kubwa kuliko zote. Lindo haliachwi mpaka mwenzako asimame pale uliposimama na kusema, "Lindo nimelipokea." Ukiondoka kabla ya maneno hayo, hata kwenda msalani, ulikuwa umetoroka.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa ufukweni Kibirizi, pale maboti ya ng'ambo yalipokuwa yakipakua watu. Tulikwenda tumevaa makaki na kofia, tumejipanga mistari miwili, na tulijiona watu kweli. Boti la kwanza lilipofika karibu, mwanamke mmoja akatuona, akapiga ukelele kwa Kiswahili cha ng'ambo, kwamba askari wapo hata huku: "Basoda! Basoda beko na huku!" Akajirusha majini akiwa na mtoto mgongoni. Wengine wakamfuata. Tulitumia muda wetu wa kuwapokea kuwavua watu majini.

Kapteni alisimama pale mchangani akiwatazama. Kisha akavua kofia yake, akaamuru nasi tuvue kofia na mashati. Tulifanya kazi siku ile wanaume kwa fulana, wanawake kwa khanga mabegani. Baadaye tulishonewa aproni nyeupe. "Kwata ni yenu wenyewe," alituambia. "Si ya kuwaonyesha hao."

Yule mwanamke aliyejirusha tulimwita Mama Bahati, kwa jina la mtoto wake. Kwao alikuwa muuguzi. Alipopata nguvu aliomba kazi, na Kapteni akampokea. Alijua kuutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mkavu kuliko yeyote kati yetu isipokuwa Sista Mkuu. Walipokuwa wote wawili kwenye kitanda kimoja walikuwa hawasemi, wananyoosheana tu vidole.

Sasa nieleze amri nyingine iliyohusu maisha yangu. Kapteni hakumpanga mtu mtaani kwao. Alisema askari akiwekwa kwao atamficha shangazi yake, atamtanguliza mjomba wake, na jirani atamchukia kwa miaka. Kwa hiyo mimi wa Rusimbi, mtaa wetu kule Ujiji, nilikaa Kibirizi, na Mama Bahati, mgeni asiyejua hata njia ya sokoni, akapelekwa kwenye hema la wagonjwa la Rusimbi. Niliona ni amri nzuri. Bado naona hivyo.

Rusimbi alikuwapo mama yangu, Bi Zuhura. Mama alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifa katika mitaa yetu, kabla kilio hakijatulia, mtu alikuwa ameshatumwa kugonga kwetu. Mama alivaa khanga zake za kazi, akachukua pamba na udi, akaenda. Hakuwahi kuomba chochote. Nikiwa mtoto niliona kazi hiyo inanitia aibu shuleni, maana wenzangu walikataa kula alichopika. Baadaye mama zao walipokufa, walikuja wenyewe kumwita.

Kipindupindu kilipoingia Ujiji mjini, seksheni ya mazishi ilipewa amri iliyokuwa sahihi kwa upande wa afya: maiti havuliwi nguo wala haoshwi, kwa sababu maji yanayotoka kwake ni ugonjwa mtupu. Anapulizwa klorini, anafungwa kwenye turubai, anazikwa siku hiyo hiyo na seksheni, ndugu wakisimama mbali. Waliochimba walikuwa wamefunzwa kuchimba na Kapteni, na Kapteni alijua kuchimba kitu kimoja tu. Walichimba mahandaki. Yalikuwa marefu, yamenyooka, ya kina kilekile, kazi safi kabisa. Yalifuata mwelekeo wa ufukwe, kwa sababu huko ndiko udongo ulikuwa laini.

Hayakuelekea kibla. Hayakuwa na mwanandani, ule ufa wa pembeni ambamo maiti hulazwa kwa ubavu ili udongo usimwangukie. Watu wa Ujiji walisimama mbali kama walivyoamriwa, wakaona baba zao wanalazwa chali, mmoja baada ya mwingine, kama askari waliouawa vitani.

Hakuna aliyepiga kelele. Walirudi nyumbani, na tangu siku ile hawakuleta mgonjwa hemani. Hema la Rusimbi likawa karibu tupu, na ofisini kuna waliofurahi wakidhani ugonjwa unaisha.

Mimi nilijua ukweli siku yangu ya mapumziko, nilipokwenda kumsalimu mama. Nilimkuta uani anasugua kitanda cha kuoshea maiti kwa mchanga. Pembeni palikuwa na udongo mpya, pamefukiwa. Nilijua ni nini. Palikuwa pamechimbwa ufuo, yaani shimo la kupokea maji ya maiti. Kisima cha jirani kilikuwa hatua chache kutoka pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usisogee, mikono yangu ina kazi."

"Nani amefariki?"

"Unauliza kama mwanangu au kama askari?"

"Mama, huyo alikuwa wa kipindupindu?"

"Alikuwa mke wa mtu na mama wa watu. Nimemfunga vizuri, kazikwa kwa heshima."

"Utakufa, mama. Na maji haya yanakwenda kisimani."

Aliacha kusugua. Hilo la kisima hakuwa amelifikiria, niliona usoni mwake. Lakini alisema, "Nikiacha mimi, nani atawaosha? Nyinyi mtawapuliza kama mbu."

Nilimwambia nitamweleza mkubwa wangu, sitaficha. Akasema, "Mweleze. Na umwambie aje mwenyewe. Mimi sijala mtu."

Kapteni alikuja kesho yake mchana, bila gari, kwa miguu kutoka barabarani. Mama alimtandikia mkeka. Aliwaita Sheikh wa msikiti wetu na Bi Mwavua, jirani na rafiki wa mama tangu usichana, ambaye siku zote alimsaidia kumimina maji. Mimi nilikaa mlangoni. Nilitarajia ugomvi.

Kapteni aliuliza, "Mama, mnaficha wagonjwa?"

"Tunaficha wafu," mama akasema. "Wagonjwa wanajificha wenyewe, kwa kuwa wameona wafu wanavyofanywa."

"Wamefanywaje?"

Bi Mwavua akaingilia, "Ameuliza wamefanywaje! Baba wa watu umemlaza chali anaangalia jua, halafu unauliza wamefanywaje!"

Sheikh akamwomba atulie, kisha akaeleza habari ya kibla na mwanandani. Kapteni hakuwa Mwislamu. Alisikiliza, akauliza upana wa mwanandani, na kama unaweza kuchimbwa na mtu asiyekuwa Mwislamu. Akaambiwa unaweza. Akasema, "Hilo nilipaswa kuuliza kabla ya kuchimba." Halafu, kwa sauti ileile, akasema, "Lakini kuosha hapana. Hapo siwezi kulegea, hata mkinifukuza. Mmoja anaoshwa, na nyumba tatu zinafuata."

Sheikh alizungusha tasbihi yake. Ndipo akasema kwamba pasipo na maji, au maji yakiwa madhara, dini imeweka tayamamu. Ni udongo safi. Mtu anapiga viganja kwenye udongo, anampangusa maiti uso na mikono. Kama ngozi yenyewe ni hatari, wapanguse juu ya sanda, na Mungu anajua dharura ya waja wake.

"Kwa glavu?" Kapteni akauliza.

"Kwa glavu."

Kapteni akamgeukia mama. "Wanawake wa seksheni yangu hawajui kazi hii. Utawafunza? Nitakupa ukoplo."

"Ukoplo!" mama akasema. "Nimezaa watu wenye ndevu, leo niitwe koplo? Nitawafunza. Ila kwata sichezi, magoti yangu hayataki."

"Kwata hutacheza."

"Na hayo mabuti ya mpira?"

"Mabuti utavaa."

"Haya," akasema mama. Bi Mwavua alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya khanga yake.

Ndivyo ilivyokwenda. Makaburi mapya yalichimbwa kwa kufuata kibla, yakiwa na mwanandani, na Sheikh alitangaza msikitini. Wagonjwa walianza kuletwa, kwanza wakibebwa kwenye machela za kanzu na shuka, baadaye kwa miguu yao, na hiyo ndiyo dalili njema, mtu kufika angali anatembea. Mama alipita nyumba kwa nyumba na wanawake wa seksheni, gambuti zimemzidi miguu. Watoto walimwita Afande Bibi. Aliwafukuza kwa mawe madogo, lakini hakuwapiga.

Kisha akaugua. Siwezi kusema aliupata wapi. Inawezekana ni kwa yule wa mwisho aliyemwosha, inawezekana ni kisimani, na inawezekana ni kwa kula tu kama watu wengine. Nimejizuia miaka yote kuchagua jibu.

Habari ililetwa na tarishi wa kikosi asubuhi, nikiwa Kibirizi. Maboti mawili yalikuwa yamefika kwa pamoja, vitanda vyote vimejaa, na nilikuwa na safu yangu ya wagonjwa, wengine wamenyamaza. Tarishi alisema mama amelazwa hema la Rusimbi, Mama Bahati yuko naye. Nilimwomba Sista Mkuu mtu wa kunipokea. Alitazama ukutani, akanitazama mimi, akasema, "Sina. Nitamwambia Kapteni." Alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote.

Nilibaki. Nilitafuta mishipa, nilimwaga ndoo, nilibana ngozi za matumbo ya watu. Hakuna mtu aliyenishikilia. Ningeweza kuondoka. Lakini kila nilipotaka kuinuka nilimwona yule mwanamume wa kona, wa siku ya kwanza, asiyekuwa na mtu.

Baada ya sala ya adhuhuri Kapteni aliingia hemani. Nilidhani amekuja kukagua. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akachovya mikono kwenye klorini, akaja akasimama pale niliposimama.

"Lindo nimelipokea," akasema.

"Afande, wewe?"

"Nimesema nimelipokea. Huyu anapewa maji kila baada ya muda gani?"

Nikamweleza mgonjwa mmoja mmoja, maana ndivyo lindo linavyokabidhiwa. Nilipokuwa natoka akaniita. "Mama yako amefariki, binti. Nimetoka huko." Hakuwa amewahi kuniita binti. Kisha akasema, "Majirani wamejaa. Wanataka kumwosha. Sitatuma mtu wa kukagua. Hilo ni lako."

Maneno hayo nimeyafikiria kuliko maneno mengine yoyote niliyoambiwa kazini. Kwa kipindi chote kile tulikuwa tumezoea kuamriwa, na kuamriwa humpunguzia mzigo mtu aliyechoka. Siku ile nilitamani aniamuru. Angesema asioshwe, ningesema amri imetoka juu. Angesema aoshwe, ningesema vilevile.

Mama Bahati alinipokea mlangoni mwa hema. Alikuwa amelia. "Dada, hakubakia peke yake," akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Nilikuwa naye mpaka mwisho. Alikuwa anauliza kama weye umekula."

"Hakusema jambo lingine?"

"Aliomba maji ya kunywa. Basi."

Kwa hiyo hakuacha wasia, aoshwe au asioshwe. Nilikuwa nautumaini.

Nyuma ya hema walikuwapo wanawake wa Rusimbi, wengi, na mbele yao Bi Mwavua ameshika birika. Nyuma yake ndoo zilikuwa zimepangwa, zimefunikwa kwa sinia safi. Walikuwa hata wamechimba ufuo, mbali na kisima, wamejitahidi.

"Tumekungoja wewe uanze," Bi Mwavua akasema. "Mkubwa wenu ametuacha. Ameondoka bila kusema neno."

"Bi Mwavua, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kwa watu wote. Huyu si watu wote. Katika hawa wote uwaonao, nyumba gani haijamwita? Aliwaosha mama zetu wote. Leo yeye aondoke mkavu, kama jani?"

Mwingine akasema, "Mwanangu, tutavaa hizo glavu. Hakuna atakayejua."

Nilitaka. Nataka ijulikane hivyo. Nilijua namna mama alivyopenda maji yawe, yenye uvuguvugu kidogo, na nilijua mkono upi angeanza nao. Lakini niliwatazama wale wanawake, nikajua kwamba jioni ile kila nyumba ya Rusimbi ingepata habari. Wangesema tayamamu ilikuwa ya wale wasiokuwa na mtu kikosini. Yule aliyezikwa juzi kwa udongo, mumewe angeuliza kwa nini mkewe alinyimwa maji. Na wafu wangerudi kufichwa, na wagonjwa pamoja nao.

"Hapana," nikasema. "Nileteeni udongo safi."

Bi Mwavua alinitazama kana kwamba nimempiga. Aliliweka birika chini, akaondoka. Wengine wachache wakamfuata. Waliobaki waliniletea udongo kwenye sinia. Nilivaa glavu. Nilipiga viganja, nikampangusa mama uso juu ya sanda, nikampangusa mikono. Mama Bahati alinishikia sinia, na yeye si Mwislamu. Sheikh alisali nje. Kaburi lilikuwa na mwanandani mzuri, na Sadiki ndiye aliyeuchimba, ingawa hakuwa seksheni ya mazishi. Aliomba ruhusa. Siku ile hakufanya mzaha.

Nilirudi Kibirizi siku iliyofuata nikamkuta Kapteni amelala kwenye kiti, miguu imenyooka. Nilimwambia, "Lindo nimelipokea." Hakuniuliza nilichoamua.

Wagonjwa wa Rusimbi waliendelea kuletwa. Kituo changu cha pili kilikuwa Kidahwe, barabara ya Kasulu, tukiwapima watu waliokuwa wakipelekwa makambini kwa malori. Huko nilipewa ukoplo. Ugonjwa ulipopungua kikosi kilivunjwa kwa paredi ndogo, watu wakiwa na makaki yaliyopauka. Kapteni alitushukuru kwa maneno machache, akarudi kwenye michikichi yake. Mama Bahati alirudi kwao amani ilipopatikana kwa muda. Kwa mara ya mwisho nilipata salamu zake kwa mtu wa boti. Kapteni naye alifariki mbali na Kigoma, na mimi nilizipata habari wakati matanga yameshaanuliwa. Nilikaa nyumbani siku hiyo. Sikujua nifanye nini kingine.

Mimi nilirejea zahanati, nikafundisha wahudumu wengi vitanda, ndoo na kupokea lindo, mpaka nilipostaafu. Vijana wakiniuliza kama wahudumu wa afya wapangwe kijeshi, ninawaambia ndiyo, wakati wa maafa, ili aliyenyamaza awe na mtu. Ila wajue amri inafika mahali inaishia, na hapo utakuwa peke yako na mikono yako. Mpango wowote usiowaambia watu hivyo unawadanganya.

Bi Mwavua hakunisemesha kwa miaka mingi. Tulikutana harusini na misibani, akajibu salamu yangu kwa kichwa. Sikumlaumu. Baada ya kustaafu, wanawake wa mtaa walianza kunigongea kama walivyomgongea mama, nami nikaenda, nikawa ninaosha maiti zao.

Mwaka jana, baada ya mvua za kwanza, binti wa Bi Mwavua alikuja kugonga. Alisema mama yake amefariki kwa uzee, bila maumivu, na kwamba alikwisha kuagiza. "Amesema uje wewe. Amesema asioshwe na mtu mwingine."

Nilikwenda. Walikuwa wamepasha maji. Nilitia mkono nikaona yana uvuguvugu unaofaa. Binti yake alimimina, nami nikaanza na mkono wa kulia. Alikuwa mwepesi sana. Nilimwosha taratibu, na maji yalipopungua niliwaambia waongeze.